Kutoka Mlangoni hadi Dirishani: Watu Wenye Ulemavu na Huduma za Umma Singida Mjini

Jengo la umma hufikika pale ambapo mtu wa kitimwendo, anayetembea kwa magongo, asiyeona au asiyesikia anaweza kuingia, kupata alichofuata na kutoka bila kumwomba mpita njia amsaidie. Chombo cha usafiri hupimwa kwa kipimo hichohicho: kupanda, kukaa, kujua umefika wapi, kushuka. Singida Mjini vipimo hivi viwili havitenganishwi, kwa sababu huduma zenyewe zimetawanyika. Stendi kuu ya mabasi iko Misuna. Hospitali mpya ya rufaa ya mkoa imejengwa Mandewa. Soko kuu, benki na ofisi nyingi za zamani zimebaki katikati ya mji. Anayetaka cheti, dawa na tiketi ya basi ana safari tatu mbele yake, na kila moja ina barabara, chombo na mlango.

Wanaohusika si wachache. Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Sensa ya 2012 ilikuwa imetoa asilimia 9.3. Duniani, Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3, yaani takriban asilimia 16 ya binadamu wote. Maswali ya sensa huuliza kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, hivyo ndani ya hesabu wamo pia wazee ambao macho au magoti yamewachosha, na ambao wenyewe wasingependa kuitwa walemavu. Njia ya mteremko iliyojengwa kwa ajili ya kitimwendo humfaa pia mjamzito, aliyetoka kufanyiwa upasuaji na mbeba mzigo mwenye toroli.

Kisheria, kazi kubwa imeshafanyika. Sera ya Taifa ya Maendeleo na Huduma kwa Watu wenye Ulemavu ni ya 2004. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, mkataba ambao Ibara yake ya 9 inahusu ufikivu wa majengo, barabara, usafiri na habari. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inayotaka mazingira yasiyo na vikwazo katika majengo na huduma za umma na kuweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji hadi mkoa. Zanzibar ilitangulia kwa sheria yake ya 2006. Kenya ilikwenda mbali zaidi mwaka 2010 ilipoandika katika Ibara ya 54 ya Katiba haki ya kufikia mahali popote, usafiri wa umma na habari. Hata hivyo, matatu za Nairobi bado zina ngazi, ishara kwamba hata katiba haishushi sakafu ya gari peke yake.

Ugumu unaanzia kwenye mgawanyo wa kazi. Barabara kuu zinazopita Singida ni za TANROADS, na za mitaani ni za TARURA, wakala ulioanza mwaka 2017. Leseni za mabasi, daladala na bajaji ni za LATRA, chini ya sheria ya 2019. Stendi, masoko na vibali vya ujenzi viko mikononi mwa Halmashauri ya Manispaa. Hospitali, mahakama na ofisi za serikali kuu kila moja ina mwenyewe. Kila taasisi inaweza kutimiza wajibu wake ndani ya mpaka wake na safari ya mtu bado ikakatika, kwa sababu hukatikia mpakani: ukingo wa lami unapokutana na mtaro, mtaro unapokutana na geti, geti linapokutana na ngazi. Hatua hizo chache hazina mwenyewe.

Singida imekaa kwenye uwanda wa katikati ya nchi, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kati ya maziwa ya Singidani na Kindai. Mawe makubwa ya itale yamechomoza kati ya nyumba, na mitaa mingine imejipinda kuyakwepa. Nje ya barabara za lami udongo una kichanga kingi, na magurudumu madogo ya mbele ya kitimwendo cha hospitali huzama humo kiangazi kizima. Mvua, zinazonyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili, hubadilisha tatizo: maji hushuka kwa kasi kwenye miteremko, hivyo mji hauwezi kuishi bila mitaro mirefu kando ya barabara.

Mtaro huo ndio kikwazo cha kwanza. Kama katika miji mingi ya Tanzania, mkandarasi hujenga barabara na mtaro, kisha huacha vivuko katika sehemu chache. Mwenye duka hujiwekea cha kwake: mbao mbili, bati la pipa lililonyooshwa, au zege jembamba kuliko upana wa kitimwendo. Mbele ya maduka kila kibaraza kina kimo chake, kwa kuwa kila mwenye nyumba alijaza kifusi kadiri ya mfuko wake, na anayetembea kwa magongo hulazimika kushuka barabarani na kupanda tena kila baada ya milango miwili. Pale penye njia nzuri ya waenda kwa miguu, kijiwe cha bodaboda huwa kimeshaiwahi. Asiyeona na fimbo yake nyeupe hukutana na mtaro usio na ukingo wowote wa kumtahadharisha. Matofali yenye vinundu, ambayo mguu huyatambua kabla ya hatari, yalibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965 na kutandikwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967. Hayahitaji umeme wala teknolojia ngumu, na karakana yoyote inayofyatua tofali za zege ingeweza kuyatengeneza ikipata kalibu.

Katika vyombo vya usafiri ndani ya mji, bajaji ndiyo mkombozi. Sakafu yake iko chini, ubavuni hakuna mlango wa kusumbua, kitimwendo kinachokunjwa huingia nyuma ya kiti, na dereva humfikisha abiria getini badala ya kumwacha kituoni. Ufikivu huu ulikuja kwa bahati, kwani hakuna aliyeubuni kwa makusudi. Tatizo lake ni nauli. Abiria mwingine hupanda daladala kwa bei ya kiti kimoja. Mwenye kitimwendo hukodi bajaji nzima, kwenda na kurudi. Tofauti hiyo ni gharama ya ulemavu isiyoandikwa popote, na mtu anayekwenda kliniki kila wiki huilipa kila wiki. Daladala, iwe Hiace au basi dogo, ina mlango mwembamba na ngazi ya juu, na konda anayewania abiria hana dakika mbili za kumsubiri mtu akunje magongo. Bodaboda ni bei nafuu na hufika popote, lakini inamtaka abiria awe na nguvu ya kiuno na mikono ya kujishikilia.

Bajaji imefungua mlango mwingine, ule wa riziki. Halmashauri zote nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Bajaji ni moja ya vitu vinavyonunuliwa kwa mikopo hiyo, kwa kuwa gia, klachi na mafuta yake yote yako mkononi. Kinachobaki mguuni ni breki, na fundi akiihamishia juu, mtu ambaye miguu yake haina nguvu anaendesha. Dereva wa namna hiyo hahitaji semina ili aelewe kwa nini abiria wake anataka kushushwa upande wa kivuko.

Safari ndefu ni habari nyingine. Kutoka Singida hadi Dodoma ni kiasi cha kilomita 240, na Dar es Salaam ni takriban 700. Mabasi ya njia hizi yana sakafu iliyoinuliwa juu ya buti la mizigo. Mlango ni mmoja mbele, mwembamba, na ngazi zake zinapanda zikikata kona kuelekea kwa dereva. Abiria wa kitimwendo hupandishwa kwa mikono. Mmoja hushika kwapa kwa nyuma, mwingine mapajani, konda akielekeza kutoka juu. Kitimwendo hutupwa buti chini ya magunia, na abiria hukiona tena mwisho wa safari, kikiwa kizima au kimepinda. Njiani basi husimama ili watu wakachimbe dawa. Wengine hushuka na kutawanyika vichakani kwa dakika chache. Asiyeweza kushuka hubaki kwenye kiti. Wengi wameshajua namna ya kujilinda: hawanywi maji tangu jana yake. Kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo, ambaye figo na kibofu vyake tayari viko hatarini, kinga hiyo yenyewe ni maradhi.

Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yalilitatua suala la ngazi kwa kuinua kituo hadi kilingane na sakafu ya basi. Treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imefuata njia hiyohiyo kwa majukwaa yaliyoinuliwa. Kwa mkazi wa Singida Mjini faida hiyo inaanzia Dodoma; vipande vya reli vinavyofuata vinapita Manyoni na Itigi, kusini mwa mkoa, bila kugusa mji. Na jukwaa la zege likijengwa Misuna halitasaidia mabasi ya mikoani, kwa kuwa ngazi zao ziko ndani ya mlango. Uingereza iliamua mwaka 2000 kwa kanuni kwamba mabasi mapya ya ratiba yawe na sehemu ya kitimwendo, na mabasi ya safari ndefu huko yamewekewa lifti ndogo. Marekani ilisukumwa na watu wenyewe: Julai 1978 watu 19 wenye ulemavu waliyazuia mabasi katikati ya jiji la Denver kwa siku mbili, miaka 12 kabla ya sheria ya nchi hiyo ya 1990 kuhusu watu wenye ulemavu. Kwa Tanzania, ambako basi la kati ya mikoa ni biashara ya mtu binafsi inayokimbizana na faida ndogo, lifti kwa kila basi haitakuja upesi. Kinachowezekana mapema ni kile kinachofanyika kwenye viwanja vya ndege: kiti chembamba chenye mikanda, kinachopita kwenye ngazi na kwenye ujia, kikiwekwa stendi pamoja na wahudumu wawili waliofundishwa kunyanyua. LATRA nayo ingeweza kuweka kwenye masharti ya leseni viti viwili vya mbele na kituo kimoja chenye choo kinachofikika katika kila njia.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Singida, kama Tanzania nzima, tayari ina mfumo wa ufikivu unaofanya kazi kila siku: mikono ya watu. Wapiga debe, walinzi, vijana wa kijiweni na ndugu hubeba, huvusha na kupandisha, mara nyingi bila kudai chochote, na utu huo haupaswi kubezwa. Lakini mikono ina masharti yake. Ipo saa za mchana na kwenye watu wengi. Haipo alfajiri wala kwenye ofisi iliyotulia. Mwanamke hubebwa na wanaume asiowajua, wakimshika mahali asipotaka kushikwa. Mwili usio na hisia huumizwa bila mwenyewe kujua. Zaidi ya yote, mikono hufuta ushahidi. Basi liliondoka na abiria wake, mgonjwa aliandikishwa, mpiga kura alipiga kura. Katika taarifa ya mwezi hakuna kilichoharibika. Mhandisi na mtunga bajeti hawaoni pengo kwa sababu kuna mtu aliyeliziba kwa mgongo wake.

Kwenye majengo, kosa linaloonekana zaidi ni njia ya mteremko, na kosa hilo ni la hesabu. Kipimo kinachotumika sana duniani ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi nne za sentimita 15 kila moja ni kimo cha sentimita 60, kwa hiyo njia inayostahili ni ya mita 7.2, bila kuhesabu sehemu bapa ya kugeuzia. Fundi aliyebakiwa na mifuko miwili ya saruji hujenga ya mita mbili. Mteremko huo mtu hawezi kuupanda kwa mikono yake, na akishuka nao anaweza kupinduka kifudifudi. Kwenye ripoti ya ukaguzi, hata hivyo, kisanduku kimewekwa alama ya vema: njia ipo.

Sababu yake inaeleweka. Majengo mengi ya shule na afya siku hizi hujengwa kwa utaratibu wa force akaunti, ambapo fedha hupelekwa shuleni au kwenye kituo, kamati ikanunua vifaa na kuajiri mafundi wa jirani. Utaratibu huu umeshusha gharama na kuharakisha kazi: mwishoni mwa 2021, kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, nchi ilijenga madarasa 15,000 ndani ya miezi michache. Lakini ramani huchorwa kwa kiwanja tambarare. Kwenye kiwanja chenye mteremko au jiwe, msingi wa upande mmoja huinuka hadi mita nzima, na njia ya mita mbili iliyo kwenye karatasi haitoshi tena. Kamati haina mtu wa kuichora upya, tarehe ya makabidhiano imekaribia, na saruji imekwisha. Madarasa hayohayo ndiyo huwa vituo vya kupigia kura, hivyo uamuzi wa fundi mmoja kuhusu ngazi unaishi miaka mingi ndani ya haki ya kisiasa ya watu wa kata ile.

Ndani ya jengo kuna mambo yanayogharimu kidogo mno. Mlango wenye nafasi wazi ya sentimita 90 hupitisha kitimwendo, na ule wa 70 haupitishi, ilhali tofauti ya bei ni ndogo ukipangwa kabla ukuta haujapanda. Kitimwendo hugeuka katika duara la mita 1.5. Dirisha la huduma linalomfikia kifuani aliyesimama humficha kabisa aliyeketi, na karani huanza kuongea na aliyemsindikiza. Choo ndicho kipimo cha ukweli. Vyoo vingi ni vya kuchuchumaa. Pale ambapo kimejengwa kimoja cha kukalia chenye vyuma vya kushikia, mara nyingi kimegeuzwa stoo ya mafagio na ndoo, na ufunguo uko kwa mlinzi aliyekwenda kunywa chai. Kwa jengo la ghorofa la zamani lisilo na lifti, suluhisho la haraka ni kuishusha huduma: chumba kimoja chini, simu ya ndani, na ofisa anayeshuka na faili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unatambua marekebisho ya aina hii, na kuyakataa pale yasipoleta mzigo usiobebeka huhesabiwa kuwa ubaguzi.

Kwa viziwi na wasioona, vikwazo haviko kwenye zege. Kelele za stendi, ambazo wengi huzilalamikia, humsaidia asiyeona: mpiga debe akitaja Manyoni, Nzega au Babati, msafiri anajua basi liko upande gani. Kiziwi haambulii kitu. Yeye hutegemea ubao ulioandikwa vizuri, rangi na jina kwenye kioo cha mbele, na tangazo la kuchelewa kwa basi humpita. Kwa hiyo kituo kizuri hutangaza mara mbili, kwa sauti na kwa maandishi. Mtu mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu pia, na jua la Singida lisilo na wingu humchoma akisubiri mahali pasipo na kivuli. Paa la stendi kwake ni huduma ya afya. Mkoa una bahati ya kuwa na Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko, kwenye barabara ya Dodoma, inayosomesha watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino pamoja na wengine. Watoto hao hujifunza nukta nundu na lugha ya alama, kisha hukua na kuja mjini kwenye ofisi ambako ni nadra kumkuta anayeijua hata moja. Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu; mapokezi ya ofisi za umma ni mahali pazuri pa kuanzia kuitekeleza.

Gharama hutajwa mara nyingi kama kisingizio. Ripoti ya Dunia kuhusu Ulemavu, iliyotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Benki ya Dunia, ilikadiria kuwa kulifanya jengo jipya lifikike huongeza takriban asilimia 1 ya gharama. Kubomoa na kurekebisha baadaye ndiko kunakokula fedha. Singida bado inajengwa na pembezoni mwake viwanja vinapimwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya majengo yake ya miaka 20 ijayo haijachimbiwa msingi. Nafasi hiyo mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, pamoja na vichochoro na baraza zake, haina tena.

Kinachokosekana ni mahali pa kuzuia. Kibali cha ujenzi hutolewa kabla ya kazi kuanza, na baada ya hapo kazi huendelea hadi sherehe ya makabidhiano. Kamati ya watu wenye ulemavu ya kata, ambayo sheria imeshaiweka, ingefaa ipewe kazi moja mahususi: kupita kwenye jengo, barabara au stendi mpya kabla malipo ya mwisho hayajatoka, kuanzia kwenye lami hadi dirishani na chooni, mmoja wao akiwa kwenye kitimwendo na mwingine na fimbo nyeupe. Vyama kama CHAWATA cha watu wenye ulemavu, TLB cha wasioona na CHAVITA cha viziwi vina wanachama wenye uzoefu wa kutosha kwa ukaguzi huo. Mkandarasi anayejua kwamba asilimia ya mwisho ya fedha zake inasubiri sahihi yao atapima mteremko kabla ya kumwaga zege, na TARURA na mwenye jengo watalazimika kukubaliana ni nani anafunika mtaro ulio mbele ya geti.